Mpango upo, nyasi hazipo: tuanze upya au tufunge eneo lote?

SWALI: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Mwaka 2018 tulipata mpango wa matumizi bora ya ardhi kwa msaada wa mradi. Tulitenga hekta 320 za akiba ya malisho, tukazifunga mwaka mzima, tukaweka sheria ndogo na faini ya shilingi 50,000. Miaka miwili ya kwanza nyasi zilifika kiunoni, wageni wakaja kupiga picha. Sasa hivi sehemu kubwa ni vichaka vya miba, katikati ni vipara vitupu, korongo linapanda kuelekea shule, na kila ifikapo Oktoba ng'ombe wanaingizwa usiku. Kijiji kina ng'ombe kama 1,400, mbuzi hatujawahesabu. Wazee wanasema mifugo yote itoke kama ilivyofanyika Kondoa zamani. Vijana wanataka eneo lile ligawiwe tulime alizeti. Kuna shirika limejitolea kutuletea mlezi wa mipango ya uhifadhi, wanasema atatufundisha usimamizi unaojirekebisha, semina ya siku tano mjini, kisha tuandike mpango mpya. Je, tukubali? Tuanze upya? Na faini tuipandishe iwe 200,000?"

JIBU: Katibu, umeuliza maswali matatu, ila nikiyasoma naona kuna la nne lililoyabeba yote: tulifuata kila tulichoelekezwa, mbona ardhi imerudi nyuma? Nianze na majibu mafupi ili usisome kwa wasiwasi. Msianze mpango upya. Msifukuze mifugo yote. Faini iacheni hapo ilipo kwa sasa. Mlezi mpokeeni, lakini kwa masharti yenu, na kazi yake ifanyike porini kwenu. Sababu nitazieleza moja moja, maana najua kamati itakubana.

Mpango mlio nao una kazi yake na mmeutolea jasho. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, unasema nini kikae wapi: makazi hapa, mashamba pale, malisho kule, mifugo ipite huku kwenda lamboni. Hiyo ndiyo kinga yenu. Mkitangaza leo kwamba mpango umekufa na mnaandika mwingine, kila anayezitamani hekta zile 320 atakuja mkutanoni na ramani yake kichwani. Kilichokosekana tangu 2018 ni sehemu ya pili: mwaka ukija vibaya tunafanya nini, na tutajuaje kama tunachofanya kinasaidia.

Kwetu Dodoma sehemu hiyo ya pili ndiyo nzito. Tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, lakini wastani huo unauona kwenye karatasi tu. Msimu mmoja mvua inashuka kwa kishindo Januari na kubeba matuta, mwingine unaanza vizuri kisha Februari yote inakauka na mtama unanyauka ukiwa magotini. Sheria ndogo inayofunga eneo mwaka mzima, miaka nenda miaka rudi, imeandikwa kana kwamba misimu inafanana.

Sasa niseme jambo ambalo huenda likawaudhi kidogo. Mnaamini miaka ile miwili ya kwanza ilithibitisha kwamba kufunga kunaotesha nyasi. Inawezekana. Lakini kumbukeni msimu wa 2019/2020 mvua zilikuwa nyingi sehemu kubwa ya nchi, mito ikafurika na barabara zikakatika. Je, upande wa pili wa bikoni, yale mawe ya mpaka wa eneo, kule ambako hakukufungwa, nyasi zilikuwa na kimo gani mwaka huo? Kama nazo zilifika kiunoni, basi wageni wale walikuja kupiga picha mvua. Maelezo yako hayasemi kama kuna aliyepima upande wa nje, na bila kipimo hicho mtabishana mpaka kesho: mzee atasema ni kufunga, kijana atasema ni mvua, na wote wawili watakuwa na haki ya kusema hivyo.

Twende kwenye udongo wenyewe. Chukua kisu, nenda kwenye kimoja cha vile vipara siku mbili baada ya mvua, chomeka ncha kwa ulalo na uinue. Utaona linatoka bapa jembamba kama sarafu, gumu, na chini yake udongo mkavu kama unga. Ule ni ukoko. Tone la mvua likipiga udongo usio na nyasi wala majani makavu linapasua chembe, zile ndogo zinaziba vitundu vya udongo, jua likitoka kunakauka na kuwa kigae. Mvua inayofuata haipenyi, inateleza, na inabeba mbegu pamoja na samadi kidogo iliyokuwepo. Ndiyo maana kipara hakijitibu kwa kuondoa ng'ombe peke yake. Unaweza kukifunga miaka mingi, kikabaki kipara na kupanuka. Kinachohitaji ni mtu wa kuuvunja ukoko kwa jembe na kitu cha kufunika juu.

Na cha kufunikia mnacho, ndivyo vile vichaka mnavyolalamikia. Nyasi na vichaka vinagombea maji yale yale. Nyasi zinanywa ya juu. Zikidhoofika, maji yanashuka chini kwenye mizizi mirefu ya mgunga na wenzake. Nyinyi mlipofunga, kwa vile nyasi zilikuwa zimeshachoka, mlizuia pia mbuzi wanaotafuna machipukizi ya miba na mkapiga marufuku kukata kijiti chochote. Kichaka kikapata miaka ya kunenepa bila adui. Nawaomba msiende kukifyeka chote, kwa sababu kisiki cha mgunga kikifyekwa hovyo kinarudi na vichipukizi kumi badala ya kimoja. Punguzeni kwa kuchagua. Mbinu ya Kisiki Hai, ambayo mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit wameieneza Dodoma tangu 2018, inafuata njia hiyo: kwenye kila kisiki unaacha vichipukizi vichache vilivyonyooka, unapogoa matawi ya chini, unakitia alama ili mwenzako asikikate, unakilinda. Mti unapanda juu, mwanga unafika chini, nyasi zinapata nafasi. Yale matawi ya miba uliyopogoa usiyachome. Yalaze juu ya vipara mlivyovunja ukoko. Yatanasa mbegu na majani, yatapunguza ukali wa jua, na hakuna ng'ombe atakayekanyaga humo kwa hiari yake.

Korongo ni habari nyingine, na hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ya watoto. Korongo huwa linapanda kuelekea maji yanakotoka. Umesema linapanda kuelekea shule, basi nina shaka kubwa kwamba maji ni ya shule yenyewe: mapaa ya bati yasiyo na mifereji, uwanja uliokanyagwa mpaka ukawa kama sakafu, pengine na njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja hadi lamboni. Siku ya mvua kubwa mtu mmoja asimame pale, avae koti, atazame maji yanatoka wapi. Vijiji vingi hujaza mawe na takataka chini ya korongo huku maji ya juu yakiendelea kumiminika, na mawe yanabebwa. Anzeni juu: mifereji na tangi kwa ajili ya shule, ambalo litawafaa kwa kunywa pia, kisha makinga maji yanayofuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja usiopanda wala kushuka, juu ya kichwa cha korongo, yaliyopimwa kwa fremu ya A, fito tatu na kamba yenye jiwe. Mistari ya mkonge au nyasi za vetiva iwekwe kabla mvua haijakolea. Njia ya ng'ombe ipindishwe, isishuke na mteremko.

Sasa wazee. Wanayosema kuhusu Kondoa yametokea kweli, na vijana wasiwacheke. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo zaidi ya 80,000 katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Huko Mvumi, wilayani kwenu hapo hapo, mifugo iliondolewa 1986. Uoto ulirudi Kondoa, hilo halina ubishi. Miteremko ilifunikwa na vichaka na miti, na mito ya mchanga iliyokuwa ikihama kila masika ilitulia kiasi kwamba watu walianza kulima kwenye mchanga ule. Lakini waulizeni wazee mifugo ilikwenda wapi. Ilikwenda kwa ndugu na marafiki maeneo ya jirani, na mzigo wa malisho ukahamia huko. Maziwa yalipungua nyumbani, samadi ikakosekana mashambani, maksai wa kulimia hawakuwepo. Ilibidi mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe warudishwe kwa kufugwa bandani, na kukata majani ya kuwalisha kukawa kazi juu ya kazi nyingine za nyumbani. Kwa hiyo mtu akikwambia Kondoa ilifaulu au ilishindwa, muulize anapima kwa nini: kwa miti au kwa kikombe cha maziwa. Zaidi ya hapo, ile ilikuwa amri ya serikali yenye magari na askari. Kamati yenu ina mgambo wawili na tochi.

Hoja ya alizeti sitaikawiza. Kubadilisha eneo la malisho kuwa shamba kunahitaji mkutano mkuu wa kijiji, na ng'ombe 1,400 hawatapungua kwa sababu mmepanda alizeti, watakuja kuila. Kama vijana wana hoja ya udongo, wapewe kipande kidogo katika eneo la mashamba wajaribu misimu mitatu kwanza. Majirani zetu wa Kongwa wana ukumbusho wa kutosha wa kuanza kwa ukubwa bila kujaribu: mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulitumbukiza pauni milioni 36 kwenye ardhi ambayo mvua zake hazikuwa zimejulikana vizuri na udongo wake ukikauka ulikuwa unavunja majembe ya matrekta. Leo sehemu ya ardhi hiyo ni ranchi ya ng'ombe.

Hesabu ninayotaka muifanye wenyewe ni hii. Tengenezeni mraba wa fito, mita moja kila upande. Mwezi Mei, nyasi zikiwa zimekomaa, urusheni bila kuchagua sehemu, mara ishirini katika eneo lote, kateni kila nyasi iliyomo kwa mundu, zikaushwe, zipimwe kwenye mizani ya dukani. Kila gramu 100 kwa mraba ni sawa na tani moja kwa hekta. Tuseme mmepata wastani wa gramu 100. Hekta 320 zina tani 320, lakini nusu lazima ibaki ardhini kufunika udongo na kutoa mbegu, hivyo za kuliwa ni tani 160. Ng'ombe wetu wa asili wa kilo 250 anakula kilo sita na robo za majani makavu kwa siku. Gawanyeni: ng'ombe 1,400 watazimaliza kwa siku 18.

Siku 18! Kiangazi chetu kina miezi saba. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo lenu, na sidhani kama kuna semina iliyowahi kuwaambia. Akiba ile haikuwahi kuwa na uwezo wa kuwalisha ng'ombe wote wa kijiji, hata ingelindwa na jeshi. Lakini hizo hizo tani 160 zinawatosha ng'ombe 280 hivi kwa siku 90. Kwa hiyo swali la kupeleka mkutanoni ni ng'ombe gani waingie. Ningekuwa mimi ningependekeza wanaonyonyesha, ndama walioachishwa, na maksai wanaotakiwa kuvuta plau Desemba, kila kaya kwa idadi sawa hata kama ina ng'ombe watano au mia mbili. Mwenye mia mbili atanuna. Ni vizuri anune mbele ya mkutano kuliko kuingia usiku. Waliobaki watategemea mabua ya mtama na uwele, malisho ya nje, na kuuzwa mapema. Ng'ombe anayeuzwa Juni akiwa na nyama na yule anayeuzwa Novemba mbavu nje, unajua mwenyewe tofauti ya bei mnadani.

Hii inajibu pia swali la faini. Fungua daftari la mtendaji, andika kila kosa na mwezi wake. Kama yote yako Oktoba na Novemba, unachotazama ni njaa ya mifugo, na faini ya 50,000 imekuwa kodi ya malisho tu: mtu mwenye ng'ombe arobaini wanaokufa atalipa hata 200,000 na kukushukuru. Atakayeumia ni mwenye ng'ombe watatu. Ila kama makosa yametawanyika mwaka mzima na ni majina yale yale, hapo tatizo ni nidhamu, na kupandisha faini kuna maana.

Sasa ule "usimamizi unaojirekebisha." Ukiondoa maneno ya semina, ni tabia ya kuandika unachodhani kitatokea, kupima kama kimetokea, na kuamua mapema utabadilisha nini kisipotokea. Kuamua mapema ndiko watu wengi wanakoruka, na bila huko unabaki na daftari la vipimo tu.

Kwenu ningeandika dhana ya kwanza namna hii, kwa Kiswahili cha mkutanoni: "Tunadhani tukivunja ukoko na kulaza miba, ndani ya misimu mitatu vipara vitapungua nusu." Chagueni sehemu mbili za hekta moja moja zinazofanana. Moja ifanyieni kazi, nyingine iacheni kama ilivyo. Vivyo hivyo kwa vichaka: hekta moja ya Kisiki Hai, hekta moja mnaingiza mbuzi kwa wiki kadhaa kiangazi, hekta moja haiguswi. Najua wazee watashtuka kusikia mbuzi wanaingizwa kwenye hifadhi. Ni hekta moja, na wao ndio wawe mashahidi.

Kupima hakuhitaji mashine. Tembeeni hatua mia kwa mstari, kila hatua tazameni ncha ya kiatu imekanyaga nini: udongo mtupu, nyasi, majani makavu au kichaka. Mkipata udongo mtupu mara 43, vipara ni asilimia 43. Fanyeni ndani ya eneo na nje yake, mwezi ule ule kila mwaka. Picha za simu zipigwe kutoka jiwe lile lile lililopakwa rangi, kuelekea mlima ule ule. Msitumie kigingi cha mti, kitapikiwa ugali. Korongo lipimwe kwa kipande cha nondo kilichochimbiwa hatua kumi juu ya kichwa chake, kila mwisho wa mvua. Mvua ipimwe na wanafunzi wa shule hiyo hiyo kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula, kila asubuhi saa tatu, na mwalimu wa jiografia asaini.

Kisha yale maamuzi ya mapema. Mfano: ikifika mwisho wa Machi na kopo la shule halijafikisha milimita 350, eneo halifunguliwi kwa zaidi ya siku 45, na mkutano wa Aprili unatangaza mapema ili watu wauze. Kichwa cha korongo kikisogea hatua tano, njia ya ng'ombe inafungwa wiki hiyo bila kungoja kikao kingine. Vipara vya sehemu iliyolazwa miba visipopungua kuliko sehemu iliyoachwa kwa misimu mitatu, tunaacha njia hiyo na nguvu kazi inahamia kwingine. Namba hizi nimezitoa kama mfano tu. Zenu mzipange kwa kubishana, maana mtakayoyabishania ndiyo mtakayoyasimamia.

Jambo moja la kisheria msilikosee. Sheria ndogo ikishapitishwa na mkutano mkuu huenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na kila badiliko linapita njia hiyo hiyo, polepole. Kwa hiyo msiandike tarehe wala namba ndani ya sheria ndogo. Sheria iseme tu kwamba kamati itatangaza kalenda ya kufunga na kufungua kila mwaka kufuatana na vipimo, na kalenda ipitishwe kwenye mkutano mkuu wa robo mwaka. Hapo mpango wa 2018 unabaki na nguvu yake, nanyi mna uhuru wa kujirekebisha kila msimu.

Kuhusu mlezi, nami niko kwenye kazi hii, basi pima maneno yangu kwa kuzingatia hilo. Fani ni ya kweli. Upo mwongozo wa kimataifa wa kupanga na kupima uhifadhi, uliotolewa kwanza 2004 na muungano wa mashirika uitwao Conservation Measures Partnership, na walezi wanaoufundisha wana mtandao wao, Conservation Coaches Network. Hata programu ya kompyuta wanayotumia inaitwa Miradi. Mlezi mzuri anawafaa kwa sababu anauliza maswali ambayo jirani hawezi kuuliza bila kuleta ugomvi: mnajuaje? nani amepima? mkikosea mtagundua lini? Anayewaandikia mpango yeye mwenyewe si mlezi, ni mwandishi wa andiko.

Kabla ya kusaini chochote, waulizeni shirika kama zile siku tano zinaweza kugawanywa: mbili sasa kijijini, moja baada ya mvua, mbili mwakani wakati wa kusoma vipimo. Waulize watakuwa wapi Mei ijayo mraba wa fito ukirushwa. Ulizeni daftari na picha zitabaki kwa nani. Na waulizeni kama wanaruhusu matokeo mabaya yaandikwe kwenye ripoti, kwani shirika linalotaka picha za nyasi za kiunoni pekee litawarudisha kule kule. Wakikubali, wapokeeni kwa mikono miwili. Wakishikilia hoteli, posho na mpango mpya wenye nembo, wapeni shukrani na muanze na kopo la mvua, halina gharama.

Kuna mambo ambayo jibu kama hili haliwezi kuyamaliza, inabidi mtu aje. Wale ng'ombe wa usiku wakibainika kuwa ni wa kijiji jirani, msimalizane na mgambo. Nendeni kwa afisa ardhi na afisa mifugo wa wilaya mwombe mazungumzo ya mpango wa pamoja. Sheria inaruhusu vijiji kutumia malisho kwa makubaliano, na Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya hivyo hadi eneo lao la pamoja likaitwa OLENGAPA. Mpaka wa kijiji ukiwa na mgogoro, hiyo ni kazi ya halmashauri na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, na vipimo vyenu vyote vitasubiri. Kwa mbegu za malisho za kupanda kwenye sehemu zilizoharibika sana, ulizeni Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, kituo cha Mpwapwa, kabla hamjanunua kwa mtu anayepita na gari.

Na korongo: kina chake kikizidi kimo cha mtu, au kichwa chake kikiwa karibu na majengo, makinga maji ya mikono hayatoshi, anahitajika mhandisi wa halmashauri aje aone kwa macho. Andikeni barua sasa, kupitia mtendaji wa kata, na nakala kwa mwalimu mkuu. Mkiona nyufa ardhini zinazokwenda sambamba na ukingo, watoto waondolewe upande ule siku hiyo hiyo, barua itafuata.